Kujifunza Kazi Huku Ukipata Ujira

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama huko Irente, Lushoto)



Mahali hapa pa Irente mwapajua. Mtu akisimama ukingoni mwa jabali huona Mazinde chini yake, na mashamba ya mkonge, na nyika isiyo na mwisho. Vijana wetu nao husimama papo hapo wakitazama chini, na wengi hujisemea mioyoni, "Kazi iko kule." Leo twataka kusema habari za kijana ashukaye mlima huu kwenda kwa fundi. Wazazi wake hawana karo ya chuo. Kwa hiyo hutaka ajifunze kazi na papo hapo apate kidogo cha kumweka.

Jambo hili si geni kwetu. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, ilifundisha kazi za mikono pamoja na kusoma na kuandika, na gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilitoka katika shule hiyo. Tena sisi makarani, tusijivune, maana nasi tulikuwa wanagenzi. Wengi wetu tulijua kutunza faili na kuandika barua kwa kuketi karibu na karani mkubwa, huku tukipokea mshahara mdogo. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na barua ya ajira. Kijana aendaye kwa seremala hana hata kipande cha karatasi.

Hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Kijana mmoja wa mlima huu, mtoto wa ndugu yetu, alichukuliwa na fundi seremala wa huko chini. Mapatano yalikuwa ya mdomo tu: "Atajifunza, nami nitampa posho." Baba yake akashukuru, nasi tukashukuru pamoja naye. Miaka miwili ikapita. Kijana alichota maji, alifagia takataka za mbao, alibeba magogo, na jioni alipewa chakula na senti chache. Randa hakushika ila siku ya kuifuta vumbi. Kila alipouliza aliambiwa, "Bado."

Ndipo baba yake alipotujia tumwandikie fundi barua ya malalamiko. Tukakata kalamu, kisha tukamwuliza, "Mlipatana nini?" Mzee akanyamaza. Hakujua muda wa kujifunza, wala kazi zilizokuwa zifundishwe, wala kiasi cha posho. Barua tuliiandika kwa adabu, na jibu halikuja. Kijana alirudi nyumbani na mikono iliyojaa sugu, lakini haijui kuunga mguu wa kiti. Usiku ule tuliona haya. Kutwa tunaandika barua za watu wengine, na kwa mtoto wetu hatukuandika hata ukurasa mmoja. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na miaka miwili ya ujana ni mali.

Wenzetu wa nchi nyingine walilitambua jambo hili zamani. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1563 iliagiza kijana ajifunze ufundi miaka saba chini ya bwana wake, kwa hati. Katika Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1969, mwanagenzi hugawa siku zake baina ya karakana na shule. Mapatano yake huandikwa, na ujira wake hupanda kila mwaka kadiri ujuzi wake unavyopanda. Angalieni hekima iliyomo: ujira ukipanda, fundi hataki kumlipa mtu wa kufagia tu, bali humfundisha upesi ili faida irudi.

Hapa kwetu nako milango ipo. Shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951, na ile ya Moshi ikafuata mwaka 1957. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, na serikali imekuwa ikigharamia mafunzo ya uanagenzi kwa vijana. Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui: aliyejifunza kazi mtaani kwa fundi aweza kwenda VETA akapimwa ujuzi wake, naye akifaulu hupewa cheti. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Basi kuomba karatasi si ujeuri wala si kumdharau fundi.

Tulipompeleka kijana yule kwa fundi wa pili tulichukua karatasi yenye mambo matano. Kwanza, muda: siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Pili, kazi za kufundishwa, moja moja na kwa zamu yake: kupima na kukata, kuranda, kuunga, kisha kutengeneza mlango na kabati. Tatu, ujira wa mwaka wa kwanza, na nyongeza ya mwaka wa pili na wa tatu. Nne, siku za kupumzika, na nani atakayegharamia dawa kijana akiumia kazini. Tano, wajibu wa kijana mwenyewe: kuwahi, kutii, kutunza vyombo, na kutoondoka kabla ya muda kwisha.

Fundi aliisoma, akarudisha karatasi mezani. Akasema, "Ninyi makarani mwaniona mimi mwizi. Je, wale watatu niliowafundisha wakanikimbia mara walipojua kuranda, nani aliwaandikia karatasi?" Neno hilo lilituchoma, maana lilikuwa la haki. Fundi naye hupoteza mbao zilizokatwa vibaya, na saa zake, na wateja. Tukamwonyesha lile jambo la tano, tukaongeza kwamba sehemu ya nyongeza ya kila mwaka iwekwe akiba, kijana aipokee siku ya kumaliza. Akicheka, akatia sahihi. Baba akaweka alama ya kidole, na kila mmoja akachukua nakala yake.

Sasa ni mwaka wa pili. Kijana hajawa tajiri. Ujira wake hutosha chakula na kodi ya chumba, na mwezi mwingine hautoshi. Lakini mwezi uliopita alimletea mama yake kigoda alichokiunga kwa mikono yake. Kimeinama kidogo upande mmoja. Mama yake hakubali mtu mwingine akikalie.

Ndugu wanachama, twaomba jambo moja, nalo halina gharama kubwa. Kila tawi litenge Jumamosi moja katika mwezi, makarani wawili waketi mezani, na mzazi yeyote mwenye mtoto anayekwenda kwa fundi aandikiwe mapatano bure, kwa Kiswahili chepesi, nakala tatu: ya mzazi, ya fundi, na ya tawi. Kisha kila miezi sita mmoja wetu amtembelee kijana na karatasi mkononi, atazame yaliyofundishwa na yaliyosalia. Tusingoje barua ya malalamiko. Barua ya malalamiko huandikwa miaka ikiisha kupotea.

Kalamu ndiyo jembe letu. Tusilimie mashamba ya wengine tu, na shamba la nyumbani likaota magugu.