Daktari Tarajali Naye ni Mfanyakazi

(Haya niliyasema kwenye kongamano la vijana. Nayaweka hapa kwa ambao hamkuwepo.)



Nina swali moja tu leo: daktari tarajali ni mwanafunzi au mfanyakazi?

Jibu lake ndilo linaloamua kama kijana aliyeingia wodini jana asubuhi, akakesha, na leo bado anaandika dawa, amevunjiwa haki au "anajifunza tu". Wakubwa watakwambia yuko mafunzoni, analipwa posho siyo mshahara, habari imeisha.

Haijaisha. Tufungue sheria.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 19, inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Hata ukiweka za ziada, mtu asivuke saa 12 kwa siku. Kifungu cha 24 kinampa mapumziko ya kila siku.

Sasa mfanyakazi ni nani? Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inataja vigezo. Saa zako anapanga mwingine? Vifaa unapewa? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi, miezi mitatu iliyopita? Kimoja tu kikiwepo, unahesabiwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi, makamanda! Tarajali anazimaliza wiki ya kwanza.

Watasema mgonjwa hasubiri. Kweli, na kifungu cha 17 kinaruhusu kazi ya dharura. Basi likipinduka usiku, hakuna wa kuangalia saa. Lakini dharura iliyobandikwa ukutani kwenye ratiba ya zamu tangu tarehe moja siyo dharura. Huo ni upungufu wa watumishi, na unazibwa kwa migongo ya vijana huku madaktari waliomaliza utarajali wako mtaani hawana ajira.

Na anayeumia siyo daktari peke yake. Mwaka 1984, New York, binti wa miaka 18, Libby Zion, alifia hospitalini akihudumiwa na madaktari wa mafunzo waliokuwa kwenye zamu ndefu. Baba yake hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo lile likaweka kikomo: saa 80 kwa wiki, 24 mfululizo. Ni nyingi mno, lakini angalau kikomo kipo. Umoja wa Ulaya, tangu 2009, kikomo cha madaktari walio mafunzoni ni wastani wa saa 48, na mahakama yao iliamua kwamba daktari anayesubiri kuitwa akiwa ndani ya hospitali yuko kazini, hata kama amejilaza.

Kwa nini tarajali wetu hasemi? Kwa sababu anayempangia zamu ndiye anayemsainia amalize. Bila saini hiyo, leseni hakuna. Kwa hiyo tuseme sisi.

Napendekeza chama kidai mambo mawili: kanuni itamke wazi kwamba tarajali ni mfanyakazi na saa za kusubiri kuitwa zihesabiwe, na malalamiko yake yapelekwe kwa mtu asiyeshika ile saini.

Mwenye ndugu tarajali amwombe ratiba ya zamu, afute majina, ailete kwa katibu wa vijana. Tukienda kudai, twende na karatasi mkononi.