Jua Kazi, Jua Haki Yako: Nasaha kwa Wanafunzi wa Kilungu



Vijana wetu mliorudi Kilungu likizoni, leo nasema na nyinyi mnaokaribia kumaliza chuo. Wengine mko Kitui, wengine Machakos, wengine Nairobi. Makampuni ya ushauri huchukua vijana wanaotoka vyuoni: Deloitte, PwC, EY na KPMG, pamoja na ya mikakati kama McKinsey na BCG. Yote yana ofisi Nairobi. Lakini kijana wetu akisikia majina hayo anasema, "Hizo si zetu." Nani amekuambia?

Kwanza, elewa kazi yenyewe. Mshauri analipwa kutatua tatizo la mwingine: benki, kaunti, kiwanda. Kwa hivyo si lazima uwe umesoma biashara. Mtu wa hesabu, uhandisi au kilimo ana nafasi pia. Ila alama zinaangaliwa, na mara nyingi wanataka daraja la pili ngazi ya juu. Wewe wa mwaka wa kwanza, usizichezee.

Pili, jiandae na mahojiano. Kwa kawaida kuna mtihani wa kompyuta, halafu unapewa kisa cha biashara ukitatue papo hapo mbele yao. Hapo wengi huanguka, na si kwa ujinga, ni kwa kutozoea. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mama anauza parachichi soko la Nunguni, faida imeshuka. Kwa nini? Usikimbilie jibu! Faida ni mapato ukitoa gharama. Je, bei imeshuka, au anauza machache? Ushuru na usafiri vimepanda, au matunda yanaoza? Tuseme ananunua 230 kwa shilingi 6, anauza 200 kwa shilingi 10, na 30 yanaoza. Anabaki na shilingi 620. Yasingeoza, angenunua 200 tu na kubaki na 800. Basi kuoza peke yake kunamla shilingi 180 kila siku. Umeona? Sisi tumelelewa kwenye matuta ya fanya juu. Maji ya mlima huwezi kuyazuia kwa ukuta mmoja, unayapunguza nguvu tuta kwa tuta. Tatizo nalo ligawe hivyo hivyo, huku ukisema kwa sauti unachofikiria.

Tatu, haki yako. Dada ananiuliza, "Nikienda na hijabu watanichukua?" Ndugu anauliza kama afupishe jina lake la Kiislamu. Msijifiche. Katiba ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi wa dini na hata wa mavazi. Ibara ya 32 inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamlinda hata anayeomba kazi, na ukishtaki, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakukubagua.

Mahojiano yakiangukia Ijumaa saa saba mchana, andika mapema, kwa adabu: "Naomba nipangiwe asubuhi au saa tisa, kwa sababu ya swala." Maneno mawili tu. Ukidhalilishwa kwa dini yako, andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, hifadhi jumbe zote, kisha nenda Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa, au Mahakama ya Ajira. Lakini tuwe wakweli: si kila kukosa ni kubaguliwa. Sheria inakulinda mlangoni, haikufanyii hesabu ndani. Ukikosa, uliza ulipungukiwa wapi, urudi tena.

Nne, linda mfuko wako. Anayekudai pesa ili uitwe kwenye mahojiano, huyo ni tapeli. Na vile vyeti vya HELB, vya ushuru na vya tabia njema, tangu sheria ilipobadilishwa 2022 mwajiri hatakiwi kukudai kabla hajakusudia kukuajiri. Usiuze mbuzi wa nyumbani kukimbizana na makaratasi.

Sasa msiondoke hivi hivi. Kila mmoja atafute mwenzake, wawili wawili. Jumamosi kwa Jumamosi, mmoja aulize, mwingine ajibu, kisha mbadilishane. Aliyetangulia kuingia kazini amshike mkono wa nyuma yake. Tukiingia, tuingie kwa uwezo wetu na kwa majina yetu kamili.

Wabillahi tawfiq.