Moyo wa Mwanamke na Moyo wa Mwanamume

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya wa hekalu na majirani zao, Kilindoni, Mafia



 Akina mama wa kamati walipendekeza nizungumzie maradhi ya moyo. Mzee mmoja akaongeza kwamba niwaelekee zaidi wanaume, kwa kuwa maradhi hayo ni yao. Pendekezo la kwanza nimelipokea. La pili, kwa idhini ya mzee wangu, nitalijibu.

Mzee wetu hakusema jambo la ajabu, maana hata madaktari walienda hivyo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1980 ulifanywa Marekani utafiti mashuhuri wa kuona kama aspirini humkinga mtu na mshtuko wa moyo. Waliochunguzwa walikuwa madaktari 22,071, wote wanaume. Ikaonekana kwamba inawakinga, na ushauri ukaenea kana kwamba uliwahusu wanadamu wote. Mwaka 2005 yakatolewa matokeo ya utafiti wa wanawake karibu 40,000, na kwao aspirini haikupunguza mishtuko ya moyo kwa kiasi cha kutegemewa, ingawa ilipunguza kiharusi. Kwa hiyo mama asimeze aspirini kila siku kwa sababu tu mumewe ameandikiwa. Aulize kwanza, kwani dawa hiyo huweza pia kutoa damu tumboni.

Ukweli ni kwamba maradhi ya moyo na mishipa ya damu huua wanawake wengi duniani kuliko maradhi mengine yoyote. Kinachotupoteza ni umri. Katika utafiti wa nchi 52 uliotangazwa mwaka 2004, wanawake walipatwa na mshtuko wa kwanza wa moyo wakiwa wamewazidi wanaume kwa takriban miaka 9. Kabla ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni huisaidia mishipa kubaki laini. Baada ya hapo msaada huo hupungua, shinikizo la damu hupanda na lehemu huongezeka. Baba huugua akiwa bado dukani, kila mtu akamwona. Mama huugua akiwa bibi, na watu husema ni uzee. Utafiti huo huo ulionyesha pia kwamba watu wa Bara Hindi hupatwa mapema kuliko watu wa kwingine, kwa wastani wa miaka 6 hivi. Nalisema hili hapa kwa makusudi. Kutokula nyama ni jambo jema kwa moyo, lakini hakumkingi mtu na samli, jalebi, chevda na chumvi ya achari. Nasi majirani tusicheke: tuna ng'onda wetu na maandazi yetu.

Sasa nije kwenye dalili. Mshtuko wa moyo wa kawaida hutokea mshipa unaolisha moyo unapozibwa na damu iliyoganda, na sehemu ya msuli wa moyo ikaanza kufa kwa kukosa damu. Mwanamume mara nyingi hushika kifua na kusema anabanwa. Wanawake wengi nao huumwa kifua, hilo tusilikane. Lakini kwao maumivu hayo huja na mengine yanayoyafunika: pumzi kukatika, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya mgongo, taya au shingo, na uchovu usio na sababu. Wapo wasioumwa kifua kabisa. Basi fikirini mama wa miaka 60 aliyetoka kukuna nazi, akasema amechoka na tumbo linamsumbua. Atapewa maji ya tangawizi. Ataambiwa ni gesi, au ni mawazo. Yeye mwenyewe atasema ni kiungulia, kwa kuwa chakula cha jioni bado hakijaiva na wageni wako njiani.

Hata akifika hospitali, ugonjwa wake huweza kumficha. Kwa wanawake hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume kwamba mishipa mikubwa ya moyo ikaonekana i wazi, ilhali ile midogo sana ndiyo yenye hitilafu. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa hana kitu, anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Upo ugonjwa mwingine ambao wavuvi wetu wangeuelewa upesi. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliueleza moyo ambao, baada ya huzuni au hofu kubwa, hudhoofika ghafla upande wa chini na kuvimba kama chungu chenye shingo nyembamba. Wakauita takotsubo, jina la chungu cha kutegea pweza katika nchi yao. Dalili zake hufanana na za mshtuko wa moyo, na katika kila wagonjwa 10 karibu 9 ni wanawake, wengi wao waliokwisha kukoma hedhi. Wengi hupona wakitibiwa. Mfiwa anayebanwa kifua msibani asiachwe mkekani kwa kudhaniwa kuwa ni majonzi tu.

Mfano mkubwa wa Afrika, hata hivyo, si ule wa vitabu vya Ulaya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012, uliohusisha nchi 9 zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa sababu moyo ulishindwa kusukuma damu ipasavyo. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52, na nusu walikuwa wanawake. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu, karibu asilimia 45. Mishipa ya moyo iliyoziba haikufika asilimia 8. Wengine walikuwa na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa unaowapata wanawake zaidi na ambao mara nyingi hujifichua mimba inapouongezea moyo kazi.

Na mimba yenyewe ni kipimo cha moyo. Mama aliyepandwa na shinikizo la damu akiwa mjamzito, aliyepata kifafa cha mimba, au aliyeambiwa ana kisukari cha ujauzito, hubaki na hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo miaka mingi baadaye, hata kama vipimo vilirudi sawa baada ya kujifungua. Wako pia wanaoishiwa nguvu za msuli wa moyo mwishoni mwa mimba au miezi michache baada yake. Mzazi anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, na miguu imemvimba, msimwambie kwamba ndivyo uzazi ulivyo. Kisukari na sigara navyo, vikipimwa mtu kwa mtu, humwongezea mwanamke hatari ya moyo kuliko vinavyomwongezea mwanamume.

Nayasema haya kisiwani, na kisiwa kina hesabu yake. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, iko Muhimbili, Dar es Salaam. Kutoka hapa ni ndege, au ni boti hadi Nyamisati kisha barabara. Na kusi ikivuma, bahari haimwulizi mgonjwa hali. Msuli wa moyo unakufa kwa saa, si kwa siku. Saa tunazoweza kuzipunguza ni zile zinazopotea ndani ya nyumba, mama akisubiri baba arudi, baba akisubiri mtoto apigiwe simu, mtoto akiuliza nauli iko wapi. Ombi langu kwa waume na wana ni kwamba ruhusa hiyo itolewe leo, kabla ya ugonjwa, na nauli iwekwe mahali ambapo mama mwenyewe anaifikia. Mtu akibanwa kifua, au akikatika pumzi ghafla na kutoka jasho la baridi, apelekwe hospitali ya wilaya hapa Kilindoni usiku ule ule, akapimwe umeme wa moyo. Akiambiwa ni kiungulia, tutamshukuru Mungu na kurudi kulala.

Mashine ya kupimia shinikizo la damu iko kibarazani, nami nitakuwapo hadi magharibi. Akina mama mlio na kadi za kliniki za zamani, hata za mtoto ambaye sasa ana watoto wake, njooni nazo.