Mahabusu na Kungoja Hukumu: Mada Iliyosomwa Semina ya Tabora



Mji huu wa Tabora, ambao miembe yake, kwa masimulizi ya wazee, iliota kutokana na kokwa walizotupa wapagazi wa misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, ulijua mapema maana ya kumfunga mtu asiyehukumiwa. Kwani Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wadachi waliwaweka humu kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na pamoja nao walimu wa Kiafrika waliodhaniwa kuwa majasusi, ambao ndio waliotiwa minyororo, hadi majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Septemba 1916.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu tunapotaja magereza ya ulinzi mkali wanamowekwa washtakiwa mashuhuri, yaani Keko na Ukonga kule Dar es Salaam, aghalabu twazungumza habari za kuta na bunduki, tukawasahau wanaongoja hukumu ndani yake. Katika kesi ya uhaini ya mwaka 1983, watu husimulia hata leo jinsi washtakiwa Hatty McGhee na Pius Lugangira walivyotoroka Keko, ilhali wenzao waliobaki ndani, wakingoja hukumu mpaka 1985, hawana msimulizi. Na mwanasiasa Tundu Lissu aliposhtakiwa kwa uhaini Aprili 2025, alibaki mahabusu kwa kuwa kosa hilo halina dhamana, kama yalivyo mauaji, ingawa Katiba yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibiti. Kabla ya hapo, Mei 2020, Mahakama Kuu iliona kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana hiyo, chapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Agosti mwaka ule ule.

Mimi naona, bila kusitasita, kwamba kufuli kubwa kuliko yote ni upelelezi usiokwisha. Sheria inayomshika mwanasiasa ndiyo inayomshika mchunga ng'ombe wa Sikonge, mkoani humu, aliyeshtakiwa kwa mauaji, isipokuwa huyu hana waandishi wa habari wala mawakili wa kujitolea.

Nimepata kuketi chini ya mwembe nje ya mahakama moja, karibu na mama mtu mzima aliyefunga wali na maharage kwa leso. Karandinga lilipoingia alisimama, akatazama vidole vilivyoshika wavu wa dirisha, akavitambua vya mwanawe kabla ya kuuona uso. Ndani, kijana hakutakiwa kujibu lolote, kwani mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri lake; mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, na kesi ikaahirishwa majuma mawili. Yote hayo hayakutimiza dakika tano. Mama akaniuliza, "Mwanangu, kukamilika huko ndiko lini?" Nami, niliyesoma sheria, sikuwa na tarehe ya kumpa.