TUPANGE DARAJA LA KUVUKIA BARABARA



Leo tuzungumze habari ya kuvuka barabara. Barabara yetu kubwa inatoka Dodoma mjini, inapita hapa Nzuguni, inakwenda Morogoro hadi Dar es Salaam. Mabasi na malori hupita usiku na mchana. Nasi tunavuka, na watoto wetu wanavuka. Lori lenye mzigo haliwezi kusimama ghafla. Basi, tukitaka daraja la kupita juu, tujue kwanza ni daraja gani linatufaa.

Wengi wetu tumeliona la Manzese, Dar es Salaam, juu ya Barabara ya Morogoro. Lakini hebu tuulizane. Daraja likiwa na ngazi tupu, mwenye baiskeli na gunia la mtama atapitaje? Na mzee mwenye mkongojo je? Watu hao watapita chini, kwenye magari. Daraja litabaki pambo tu.

Kwa hiyo tunataka njia ya mteremko, isiyochosha. Tupige hesabu. Tuseme daraja liko juu mita 6. Kila mita 1 ya kupanda inataka mita 20 za kwenda mbele. 6 mara 20 ni 120. Kila upande unataka njia ya mita 120.

Hapo pana jambo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu mita 30 kila upande, kutoka katikati. Mita 120 zikienda moja kwa moja zitaingia kwenye viwanja vya watu. Ndiyo maana njia ikunjwe, ifuate ubavu wa barabara.

Sasa habari ya miti. Uingereza, katika mji wa London, mtaa wa Mile End, kuna daraja lenye udongo na miti juu yake. Watu na baiskeli wanapita bustanini, magari yanapita chini. Ni zuri kweli. Lakini udongo ni mzito. Udongo wa kina cha sentimita 30, ukilowa, una uzito wa nusu tani au zaidi katika kila mita 1 ya mraba. Nguzo lazima ziwe imara sana, na gharama inapanda.

Tena Dodoma si London. Mvua zetu zikikatika mwezi wa Aprili au Mei, tunangoja hadi Novemba au Desemba. Juu ya daraja tupande mimea inayovumilia jua, kama mishubiri. Miarobaini tuipande chini, kandokando ya njia, itupe kivuli. Mizizi yake isije ikapasua zege.

Ndugu zetu, barabara kuu iko chini ya TANROADS. Wahandisi ndio watakaochora. Lakini wanaojua watoto wanavukia wapi ni sisi. Tukinyamaza, daraja linaweza kujengwa mahali pasipopita watu. Kwa hiyo kwenye mkutano wa mtaa tuseme mambo matatu: watu wanavukia wapi, baiskeli zitapandaje, na nani atamwagilia miti wakati wa kiangazi. Yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kusoma na kuandika tunakujua, basi tukutumie.