Homa ya Ini: Mtoto Asicheleweshwe, Mama Asituhumiwe

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, tumewahi kuketi katika usuluhishi wa ndoa ambao chanzo chake kilikuwa karatasi ya kliniki. Mke mjamzito alipimwa damu, akakutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Mume aliposikia kuwa ugonjwa huo huambukiza kwa tendo la ndoa, akataka kutoa talaka. Tulipouliza habari za ukoo, tukaelezwa kwamba mama mzazi wa binti yule alifariki kwa maradhi ya ini.

Hapo ndipo penye mazingatio. Ni kweli virusi hivi huambukiza kwa tendo la ndoa, na kwa sindano au wembe wenye damu. Lakini pale ugonjwa ulipoenea, wengi huupata wakati wa kuzaliwa au utotoni. Katika kila watoto 10 wanaoambukizwa wakizaliwa, takriban 9 hubaki nao maisha yao yote. Kwa watu wazima wenye afya, ni chini ya 5 katika kila 100. Hukaa kimya miaka mingi, kisha huweza kuleta kusinyaa kwa ini au saratani. Basi huenda mwanamke huyo aliubeba tangu siku aliyozaliwa, kabla hata hajamjua mumewe.

Karatasi ya maabara si shahidi wa zinaa. Suratun-Nur imeshurutisha mashahidi wanne, na kumsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi ni katika madhambi makubwa. Wajibu wa mume si kutuhumu, bali naye kupima, na akikutwa salama achanjwe.

Ama mtoto, dawa yake ni kuwahi. Chanjo ya kwanza apewe ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Chanjo ya pamoja inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni ya lazima, lakini kwa mtoto wa mama mwenye virusi, kungoja wiki ya 6 ni kuchelewa. Kwa hiyo tuombe kipimo hiki mapema katika ujauzito, na tuulize kabla ya uchungu chanjo hiyo inapatikana wapi. Mama mwenye virusi vingi huweza kupewa vidonge katika miezi ya mwisho. Taiwan ilianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua sana.

Wala mama asizuiwe kunyonyesha, wala asitengewe sahani na kikombe. Ugonjwa huu hauenezwi kwa chakula.

Ndugu zetu, sisi akina baba huwahi kumuadhinia mtoto sikioni. Tuwahi vilevile kumpatia kinga yake, siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.