Mzee, Mjukuu na Mpira wa Mkojo

Katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, mzee anayehitaji uangalizi wa muda mrefu kwa kawaida hapelekwi kwenye makao ya wazee. Hutunzwa nyumbani na binti, mkaza mwana au mjukuu. Huko ndiko tatizo la mkojo linakofichwa kwa aibu.

Mwanamume aliyezibwa mkojo na tezi dume iliyokua huwekewa mpira wa kutolea mkojo hospitalini, kisha hurudi nyumbani Nyatike au Mbita, mfuko wa mkojo ukining'inia kando ya kitanda. Kuanzia hapo, muuguzi ni mjukuu. Mfuko ukiinuliwa juu ya kibofu, mkojo unaweza kurudi ndani. Ukilazwa sakafuni, huchafuka. Mikono isiponawiwa kwa sabuni kabla ya kuumwaga, vijidudu hupata njia.

Nyanya naye huacha kunywa maji, asije akalazimika kwenda choo cha nje usiku. Akishikwa na homa na kuchanganyikiwa ghafla, jamaa husema ni uzee tu. Huenda ni maambukizi yanayotibika.

Shilingi 2,000 za mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa mwezi, kwa waliotimiza miaka 70, hazitoshi nauli, dawa na nepi za watu wazima. Hata hivyo, tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanazunguka vijijini na mikoba ya vifaa. Waongeze swali moja: mzee anakojoaje? Nazo hospitali zisimruhusu mgonjwa mwenye mpira kuondoka kabla mjukuu hajaonyeshwa kwa vitendo jinsi ya kuutunza, na kupewa tarehe ya kuubadilisha.